Mwezi wa Kwenye Bahasha

...ishirini na moja, ishirini na mbili, na anamchorea jua tena, jamani, na miale yake yote, mume wangu Gasto ambaye kumwandikia barua mama yake mzazi kule Ihanja kunamshinda, eti hana muda, lakini bahasha ya dawa ya huyu Msukuma anaiinamia kama mtoto wa shule kwenye mtihani, na yule mwanamke ameegemea kaunta, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, ngozi inang'aa, na mimi huku nyuma na sinia langu la vidonge, ishirini na... nimepotea, naanza upya. "Jua likichomoza, kimoja," anasema Gasto, sauti laini sijui ameitoa wapi, "jua la utosini, kimoja. Mwezi, kimoja. Umeelewa, Nkwimba?" Nkwimba! Mimi tangu nimzae Peniel ni Mama Peniel, Mama Peniel leta maji, Mama Peniel funga mlango, jina langu Editha sijui kama bado analikumbuka, na huyu aliyehamia na ng'ombe wao porini huko nje ya Itigi masika haya haya, Kiswahili chenyewe cha kuokoteza, tayari ana jina mdomoni mwa mume wangu... anaitikia kwa kichwa, anaitikia kila kitu, hata mimi ningeitikia kama ningechekewa hivyo. Zamani dawa ilikuwa ya zahanati tu, foleni na nesi mkali, hakuna aliyemchorea mtu jua, sasa ruhusa imetoka, kila mwenye kabati la kioo ana duka la dawa na waume zetu wamegeuka wachoraji... na ile bahasha ya Jumatatu ameirudisha, iko wazi pale kaunta, ndani vimebaki vitatu. Tulimpa tisa, nilihesabu mwenyewe, vya siku tatu, leo Alhamisi asubuhi na bado vitatu, amevibakiza makusudi, mjanja huyu, apate sababu ya kurudi, mtoto atapona vipi na mama wa namna hii... mtoto yuko mgongoni, shingo imelala upande, hajalia tangu waingie. Hajalia. Peniel na homa yake alilia usiku kucha, na aliponyamaza ndipo tulipombeba mbio, Gasto hana hata viatu, ndipo aliponiita Editha kwa mara ya mwisho... "Mbona vimebaki, Nkwimba?" Mwanamke anaweka kidole kwenye mwezi wa bahasha, anakiinua juu, kwenye bati letu, anatikisa kichwa. "Hakuna," anasema. Gasto anacheka. "Usijali, utazoea tu." Na anaanza mwezi mwingine, mkubwa zaidi, anaujaza wino taratibu... kidole juu. Vitatu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jana usiku nilitoka kwenda chooni nikajikwaa kwenye kinu, giza totoro, nikalaani, wiki hii hakuna mwezi, hakuna kabisa... Mungu wangu, anausubiri utoke. Anakaa nje ya boma, mtoto mapajani, kidonge mkononi, anatazama juu, saa hana, ameambiwa jua ametii jua, ameambiwa mwezi anangoja mwezi, na mtoto anaungua. Gasto hakuona, alikuwa anatazama uso, mimi niliyekuwa navizia vidole vya huyu mwanamke ndimi niliyeona. Nikinyamaza ataondoka na mwezi mpya wa wino, na Jumapili, siku yake ya kurudi, hatakuja, hatakuja tena kabisa, si ndicho nilichokuwa nakiomba tangu Jumatatu, asirudi... ee, Editha, umefika huko? Mtoto wa watu? Kalamu bado inazunguka, vidonge vyangu bado sijui ni vingapi, na moyo bado unaniuma, siwezi kudanganya, unaniuma vilevile, ila lazima nimwite, Gasto atasikia, na jina lake ni lile lile moja, sina lingine... "Nkwimba," nasema, "mdogo wangu, usingoje mwezi."