Mlango wa Kushoto wa Lori la Baba

Milimita hajawahi kukosea kipimo tangu azaliwe. Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe, na aliyatoa mbele ya mama yake, dada yake na mtu wa breki dauni, lile gari la kuvuta magari mabovu, huku amekanyaga tairi la lori la marehemu baba yao kama mwindaji anayepigwa picha akiwa na mzoga.

"Futikamba ni ya watu wenye wasiwasi," alisema. "Mimi nina jicho."

Jina la Milimita alijipa mwenyewe. Majirani walilipokea bila ubishi kwa sababu walikuwa wanacheka. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari, na tusimwonee, mkono wake haukuwa mbaya. Akishika nyundo, bati linanyooka. Tatizo ni kwamba akishika nyundo na mdomo nao unaanza kazi.

Kisa chenyewe kilianza na dada yake. Dada hushindana mbio za pikapu za dizeli, zile mashine zinazotoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi na kukimbia kana kwamba zimesahau kitu nyumbani. Kwenye mbio zilizopita alibiringika. Yeye alitoka na mchubuko wa kiwiko, lakini bodi ya pikapu ilikunjamana kama kopo lililokanyagwa. Chasisi ilibaki nzima, injini nzima, na kile kizimba cha mabomba kinachomkinga dereva kilibaki kizima pia. Kilichokosekana ni nguo ya kuivalisha kabla ya mbio za Jumamosi.

Nguo ilikuwa nyuma ya jiko la mama. Lori la baba, la zamani hasa, lenye paa la mviringo, kioo cha mbele cha vipande viwili, na taa zilizotokeza juu ya madigadi kama macho ya chura. Injini yake ilikata roho zamani. Kuku wa jirani walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva, na hakuna aliyewafukuza.

Mama alifikiri kwa siku nzima, kisha akasema, "Chukueni hicho kichwa chake. Ila nina neno moja."

"Sema mama," alisema dada.

"Mkishalivalisha hilo lidude lenu, kabla halijaenda uwanjani, mimi nitafungua mlango wa kushoto, nitapanda, nitakaa mahali pangu. Mnizungushe hapa mtaani mara moja. Basi."

Hakueleza, na hakuna aliyeuliza. Walijua. Mlango huo ndio alioingilia siku anahamia nyumba hii, godoro na masufuria yakiruka ruka nyuma. Ndio aliopandia na Milimita akiwa kitoto chenye homa, baba akikanyaga mafuta huku anaomba Mungu kwa sauti. Tangu wamzike baba, mama alikuwa akifagia pembeni ya lile lori, akifika mlango wa kushoto anapitisha kitambaa, anaondoka.

"Mama, utapanda kama bibi harusi," alisema Milimita. "Nitakufanyia mlango wa kufungua kwa kidole kimoja."

"Sitaki wa kidole, mwanangu. Nataka wa kufunguka."

Lori likasukumwa hadi karakana ya Milimita, na kazi ikaanza. Sakafu ya kichwa cha lori ilikuwa imeliwa na kutu, na hata isingeliwa ilibidi itoke, ili kichwa kishuke juu ya kile kizimba kama kofia. Milimita akaikata yote. Akang'oa na milango, ili mzigo uwe mwepesi. Ndipo akaitwa Mnyororo na breki dauni yake.

Huyu Mnyororo ni mtu wa rika lake, mnene, mchangamfu, na hana breki ya ulimi hata kidogo. Ukitaka habari isambae kabla ya chakula cha mchana, mwambie ni siri. Alizunguka kichwa cha lori akitafuna muwa, akachungulia chini.

"Kaka, hii umeitoa sakafu?"

"Unaiona hapo?"

"Basi ni boksi lisilo na kitako. Nikilinyanyua litachanua. Rudisha milango, ifunge, halafu chomelea mabomba mawili yavuke ndani, toka nguzo hii ya mlango hadi hii. Likishakaa ndiyo unayakata."

"Mnyororo, mimi nimekuja kwako kukufundisha kuvuta magari?"

"Hapana."

"Basi nyanyua."

"Mimi nanyanyua. Lakini nimesema."

"Nimesikia. Nyanyua!"

Mnyororo akatupa ganda la muwa, akanyanyua. Kichwa cha lori kikapaa polepole kikining'inia kwenye minyororo, na mahali fulani katikati ya nguzo na kizingiti kikatoa sauti, kriii, kama mtu mzima anayeinuka kitini. Milimita alisikia. Alijitia hamnazo, akaanza kupiga kelele "Kulia! Kulia kidogo! Shusha!" ili asije akasikia tena.

Kikashuka juu ya kizimba, kikakaa. Kilikaa vizuri kiasi kwamba dada alipiga makofi, naye si mtu wa kupiga makofi ovyo. Lile paa la mviringo juu ya matairi yale mapana, moshi ukitokea kwenye bomba lililosimama nyuma ya kioo, lilipendeza mno. Watoto wa shule waliokuwa wakipita walisimama. Milimita akafunga nati zote, akazikaza mpaka spana ikalia, kisha akazunguka mtaani kifua mbele.

Kesho yake akaja kurudisha milango.

Ule wa kulia ulikataa. Akacheka, akaenda wa kushoto. Wa kushoto ulikataa zaidi. Juu uligusa, chini ukaacha pengo la kupitisha kiganja, na ulimi wa kitasa haukulifikia komeo hata ulipobembelezwa kwa goti. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, akafumba la pili, na hata akiwa amefumba yote mawili aliona kilichotokea. Nguzo zilikuwa zimetanuka. Boksi lilikuwa limechanua.

Akapiga nyundo. Akaweka jeki, akasukuma. Akafunga mnyororo toka nguzo hadi nguzo, akaukaza kwa bomba. Nguzo ikaanza kurudi, akashangilia moyoni, na papo hapo kioo cha mbele kikalia ti! Akaacha kila kitu akakikumbatia kama mgonjwa. Vioo vile haviuzwi popote siku hizi. Kikipasuka, mama atakiona kutoka barabarani.

Njia ya haki alikuwa anaijua: kufungua nati zote, kumwita Mnyororo, kunyanyua tena, kuvuta polepole, kuchomelea yale mabomba. Na Mnyororo angekuja anacheka tangu kona ya kwanza. Milimita alipofikiria kicheko hicho, akawasha mashine ya kuchomelea.

Alichomelea milango yote miwili. Aliziba mapengo kwa vipande vya bati, akapaka puti, akapiga msasa, akapulizia rangi ile ile ya kijani iliyofifia. Kwa mbali usingejua kitu. Kwa karibu, labda ungejiuliza kwa nini mlango hauna ufa.

Dada alirudi jioni na boksi lake la spana, akavuta kitasa. Kikazunguka bure.

"Umechomelea?"

"Nimekaza bodi, dada. Wewe unaingia dirishani tu, ndivyo wanavyofanya wakubwa wa mbio."

"Mimi naingia popote. Na mama?"

"Mama niachie mimi."

Rejeta ilikuwa inavuja na mbio zilikuwa kesho kutwa. Dada akaguna, akainamia injini.

Jumamosi asubuhi mama alifika karakana amevaa gauni lake la sherehe na kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amejipaka mafuta mpaka viwiko. Aliliona lori, akasimama. Akaenda moja kwa moja upande wa kushoto, kama mtu anayeenda chumbani kwake gizani, akashika kitasa.

Kikazunguka bure.

Akajaribu tena, taratibu, kama anayedhani amekosea yeye.

"Mama," alisema Milimita, na jasho jembamba likaanza safari mgongoni, "nilitaka kukwambia. Wakubwa wa mashindano wametoa sheria. Milango yote ichomelewe. Usalama. Mimi nilibisha sana, niliwaambia nina mama, wakasema sheria ni sheria."

"Wamekataa kabisa?"

"Kabisa."

Chini ya boneti, spana ya dada ilinyamaza. Milimita alikohoa.

"Basi kama ni sheria," alisema mama. Akatoa kitambaa mkobani, akapitisha juu ya mlango, pale pale alipozoea. "Baba yenu angefurahi. Limependeza."

Hapo, nikuibie siri, Milimita alitamani ardhi impasukie. Lakini ardhi ilitulia, na badala yake ikaingia breki dauni, honi juu, kuja kulibeba lori kwenda uwanjani. Mnyororo akashuka.

"Shikamoo mama! Umependeza, unakwenda harusini?" Kisha akaona mlango. Akainama, akapitisha kidole kwenye puti. "Eh! Kumbe uliishia kuchomelea?"

Milimita akamkonyeza. Akakonyeza kwa jicho la pili. Akatikisa kichwa, akauma mdomo, akafanya kila alichoweza na uso wake.

"Unanikonyezea nini? Vumbi limekuingia?"

"Mwache," alisema mama. "Uliishia kuchomelea, ndiyo. Endelea, baba."

Mnyororo hakuwahi kuambiwa endelea na mtu mwenye gauni zuri namna ile. Aliendelea. Akaeleza boksi lisilo na kitako. Akaonyesha kwa mikono jinsi nguzo zinavyochanua. Akatoa na ile sauti, kriii, akaipatia hasa. "Nikamwambia weka mabomba, funga milango. Akaniuliza kama amekuja kunifundisha kuvuta magari. Si ndivyo, kaka?"

"Na sheria ya kuchomelea milango?" mama akauliza.

"Sheria ipi tena? Dada hapa si alikuwa anafungua wake kila mbio?"

Boneti ikafungwa. Dada akasimama anafuta mikono kwa tambara, akamtazama mdogo wake, wala hakumsaidia.

Milimita akafungua mdomo. Ulikuwa mdomo wa siku zote, wenye majibu ya kila aina. "Unajua mama, bati la zamani, sasa, lenyewe…" Ukaishia hapo.

Mama aliivuta ndoo tupu ya puti, akaigeuza kitako juu, akaketi mbele ya mlango wa kushoto na mkoba mapajani.

"Lete hicho kimashine chako cha kukatia," alisema. "Nasubiri."

"Mama, mbio…"

"Muda tunao," alisema dada.

Na Mnyororo, aliyekuwa ameacha gari lake linanguruma, alikwenda akalizima, kisha akatafuta mahali penye kivuli pa kutazamia vizuri.