Maji ya Kuogea Wageni

"Hao wataalamu wa maji wakija, wataoga maji gani?"

Bi Meritake alimwuliza hivyo jirani yake, Bi Aotiata, mwezi mzima kabla ya wageni kufika. Aotiata, mjane wa kusali asubuhi na jioni, alijua jibu liko nyuma ya nyumba yake. Mvua haikuwa imenyesha tangu Pasaka. Kijiji kizima kilibakiwa na kisima kimoja chenye maji matamu, alichokichimba marehemu mumewe, nacho kilitaka adabu. Unateka ndoo chache asubuhi, chache jioni, kisha unakiacha kipumzike. Ukikikomba, chumvi ya chini inapanda.

Wageni walikuwa sita, kutoka nchi nne zilizoungana kusaidia visiwa kutunza maji. Wazee wakakata shauri kwamba hapa Kiribati mgeni haogi maji ya chumvi. Basi siku tatu mfululizo wanaume wakapokezana kisimani kwa Aotiata: ndoo za kuoga asubuhi, mchana na jioni, ndoo za kufua, ndoo za chai. Aotiata akasimama pale akawaambia jamani, hiki si bahari. Wakamjibu ndiyo mama, kwa heshima zote, huku wanateka.

Siku ya nne wataalamu wakatumbukiza kipimo chao. Chumvi tupu. Wakapaka kisima alama nyekundu, wakasema kifungwe, na pampu mpya ijengwe kijiji cha kaskazini, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Aotiata ana miaka sitini na minane, na goti moja halikunji.

Alasiri watu wakakusanyika kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, kuwaaga wageni. Mle ndani neno la ukoo hutoka kinywani mwa mzee wa ukoo, kwa hiyo Aotiata akaketi nyuma ya shemeji yake, Baraniko, akamnong'oneza.

"Shemeji, waambie wakiache siku mbili, halafu wapime tena."

"Niwaambie wametuharibia kisima kwa kuoga? Watu waliovuka bahari kwa ajili yetu?"

"Ehe. Hivyo hivyo."

"Shemeji, wewe unataka tuchekwe mpaka Fiji."

Baraniko akainuka, akawashukuru wageni kwa kipimo chao kizuri, tena kwa kirefu, akaketi. Asubuhi ile Aotiata alikuwa amemwomba Mungu subira. Akapewa, lakini haikufika alasiri. Akasimama yeye mwenyewe, wanawake wakamvuta nguo akae, akakataa. Akamgeukia mkalimani, Tiaon, mtoto wa dada yake.

"Tiaon mwanangu, waambie maji yale ni matamu. Chumvi imepanda kwa sababu ya kuoga kwao, na sisi ndio tuliowatekea. Wakiache kipumzike, wapime Jumatatu."

Tiaon akamtazama Baraniko. Baraniko akatazama mkeka. Ndipo Tiaon akasema maneno mengi kwa Kiingereza, na mkuu wa wageni akaweka mkono kifuani, machozi yakamlengalenga.

"Umewaambia nini?" Aotiata akauliza.

"Kwamba mama mwenye kisima anawashukuru, na anawaombea safari njema."

Wageni wakaanza kupiga makofi. Aotiata akaokota kipepeo chake cha kujipepea, akapita katikati ya ukumbi mbele ya wazee wote, akatoka nje.