Picha za Madrasi

Bi Kheiria alikuwa amenuna, na akinuna Bi Kheiria, nyumba nzima ya Azaiba hutembea kwa ncha za vidole.

"Mtu ana mama mmoja tu duniani, anakwenda Madrasi kutembea, anamchukua mke! Mimi niliyeililia India tangu sinema za Unguja, kabla hatujahamia huku, nimeachwa hapa nnatazama ukuta. Haya, nionyeshe hiyo picha ya leo."

Reem, bintiye, mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa kila alasiri anaendesha gari kutoka chuoni Al Khoudh kuja kumwonyesha mama yake picha moja ya simu. Moja tu. Kaka yake Marhoon ndiye aliyemuusia hivyo, kwani Marhoon hakwenda huko Chennai, ndiyo hiyo Madrasi, kutembea. Alikwenda kutibiwa saratani ya damu. Kabla hajalazwa alikodi teksi kutwa nzima, yeye na mkewe Nawar, wakazungushwa mji wote huku akipigwa picha. Kanzu na kofia alikuwa akibadilisha humo humo garini, ili kila picha ionekane ya siku nyengine. Halafu akamtumia Reem zote. "Mpe mama moja moja," alisema, "zimtoshe mpaka nipone."

Aliyeamua mama afichwe ni Ami Suud, ndugu wa marehemu baba yao. "Kheiria ana presha," alisema. "Mnataka kuzika wawili?" Basi, yakaisha. Na sisi ndivyo tulivyo, jamani! Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali tunaisema wenyewe, tunatikisa vichwa, kisha tunanyanyuka tunakwenda kuficha. Mtu kalazwa, tunasema ana mafua. Mtu kafa, tunasema hali yake si nzuri, njooni. Na tunaiita huruma.

Lakini si uongo uliomkaba Reem. Kilichomkaba ni radhi. Siku ya safari Marhoon alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika miguu, akamwomba amwie radhi. Bi Kheiria akaangua kicheko, na hasira zimo ndani yake. "Alaa! Mtu anakwenda kutembea anaomba radhi kama anakwenda Hija? Radhi zako utazipata ukirudi." Akauvuta mguu wake. Marhoon naye akacheka, akenda uwanja wa ndege mikono mitupu. Na mtoto akifa hana radhi za mama, atasimama na nini mbele ya Mola wake? Reem hilo halikumpa usingizi.

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya hekalu la Mylapore, mnara mrefu uliojaa masanamu ya kila rangi kutoka chini mpaka juu, na Marhoon kasimama mbele yake anatabasamu.

"Astaghfirullah!" alisema Bi Kheiria, na huku anaikuza kwa vidole viwili. "Masanamu yote haya nani anayapangusa vumbi?" Alikuwa keshauona msikiti mkubwa wa Triplicane wenye uwanja mpana, keshaona jumba la makumbusho na miungu yao ya shaba, keshaona mnara wa taa wa pwani. Majirani akiwasimulia utadhani yeye ndiye aliyekwenda. "Na hii plasta mkononi? Kila picha ipo pale pale. Kidonda gani hiki hakiponi?"

"Alijikata, mama. Alikuwa akimenya embe."

"Marhoon amenye embe! Mkewe yuko wapi?"

Reem akacheka. Hapo palikuwa pametolewa damu, na asubuhi ile ile Marhoon alikuwa kampigia simu. Sauti yake imekuwa nyembamba, neno moja, pumzi, neno jengine.

"Mama keshasema kaniwia radhi?"

"Bado. Kila nikimgusia ananifanyia mzaha."

"Mwambie kweli, Reem. Nnamtaka mama."

"Ami atakasirika."

"Ninayekufa ni mimi, si Ami."

Basi alasiri hiyo Reem alikuja na nia ya kusema. Wallahi alikuja nayo, kaishika njia nzima. Akaiweka simu kando, akamshika mama yake mkono. "Mama, mwie radhi Marhoon. Sema tu, nimpelekee sauti yako. Mtu yuko safarini."

"Aje azichukue mwenyewe," alisema Bi Kheiria, na jicho linacheka. "Na aje na sari yangu."

Reem akafungua kinywa. Akaviona vidonge vya presha juu ya meza, karibu na sahani ya halua. Akaisikia sauti ya Ami Suud: mnataka kuzika wawili? Akakifunga kinywa. Kesho, alijiambia. Kesho nitasema.

Kesho yake alikuja na picha ya mwisho. Marhoon yuko ufukwe wa Marina, mchanga mpana umejaa watu wanaorusha tiara angani, naye kanyoosha mkono kuelekea kwenye kamera. Mkononi kashika shada la asumini, lile linalosukwa na wanawake wa huko na kuvaliwa nyweleni.

Bi Kheiria aliyakuza yale maua kwa vidole. Alipokuwa mwari Unguja, asumini ndiyo iliyokuwa ikilala juu ya mto wake wa kulalia. Akaipangusa ile simu kwa ncha ya mtandio.

"Kumbe kanikumbuka," alisema. "Na mimi nnamnunia, mtu mzima mimi. Mpigie, nimpe radhi zake. Nimemuwia radhi mwanangu, dunia na akhera. Mpigie!"

Ya Rabbi, furaha aliyokuwa nayo Reem! Akabonyeza. Simu ikalia sana. Akapokea Nawar, na kabla hajaulizwa akaanza kulia.

"Reem, pole. Ami keshafika kwenu?"

"Ami gani? Mpe Marhoon simu. Mama anataka kusema naye."

"Hawakukwambia?" Kisha Nawar akamweleza.

Marhoon alikuwa amefariki jana magharibi. Ami Suud aliambiwa saa ile ile, akaamrisha Reem asiambiwe mpaka atakapowakusanya wazee waje kwa utaratibu. Mfichaji naye kafichwa. Na leo, baada ya adhuhuri, Marhoon alikuwa kazikwa huko huko, kwani maiti hacheleweshwi.

Nje milango ya magari ilianza kufungwa, mmoja baada ya mmoja. Bi Kheiria alizisikia nyayo za wanaume wengi zikija kimya kimya, akamtazama binti yake usoni, akajua mwanawe hayupo tena. Hakupiga ukelele. Presha haikumuua.

"Tangu lini mnanificha?" aliuliza.

"Tangu kabla ya safari, mama. Alikwenda kutibiwa."

"Na jana uliponiomba nimuwie radhi?"

"Alikuwa hai. Alikuwa akikutaka wewe."

Bi Kheiria alikitazama kiganja chake, kama kwamba kuna kitu ndani yake na hajui pa kukiweka. Reem akaanguka miguuni pake, akaikumbatia, akalia mpaka sauti ikamkauka. "Mama, niwie radhi. Niwie radhi, mama yangu."

Mama yake akauvuta mguu, taratibu.

"Radhi zako," alisema, "utazipata kaka yako akirudi."

Ami Suud alibisha hodi.