Wageni Kwanza

Jumanne moja ya Februari 2019, saa kumi na mbili asubuhi, Marcelline alifungua friza kutoa samaki wa siku hiyo, akamkuta mwanawe Joël chini ya barafu, anaosha glasi za mvinyo.

Friza ilikuwa ya kulala, ya kifuniko cha juu, aliyoinunua kwa Wareno waliofunga bucha yao mtaa wa pili hapo Rosettenville. Ilikaa jikoni, na ndiyo iliyoshikilia biashara yake ya bukari, ugali wa kwao, na samaki wa kukaanga. Alipoinua boksi la samaki, pale palipotakiwa kuwa na bati palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Ndani ya tundu mlikuwa na mwanga mweupe, na ndani ya mwanga alikuwemo Joël, amevaa koti jekundu la kampuni iliyomwajiri.

"Umekula?" Marcelline aliuliza.

"Nimekula, maman. Mabaki ya wageni. Kambakoche."

"Hicho si chakula."

Alimfungia bukari na kipande cha samaki kwenye mfuko wa plastiki. Mkono wa Joël ulitokeza hadi kwenye kiwiko, ukapokea, ukarudi. Walijaribu kupitisha bega. Bega halikupita. Marcelline akafunga kifuniko, maana samaki walikuwa wanapata joto.

Joël alikuwa ameondoka Novemba. Kampuni moja ya Randburg ilikuwa ikiwapeleka matajiri kwenye barafu ya kusini kabisa ya dunia, walale siku nane kwenye mahema yenye bafu za maji ya moto na kupigwa picha na pengwini. Ilitaka vijana wa kubeba mizigo. Karatasi ya ukimbizi ya Joël ilimkataza kwenda nchi nyingine. Familia ilikaa kikao, na mchungaji akaja, wakaisoma karatasi neno kwa neno. Marcelline, aliyesomea ukarani Bukavu na kupata diploma, ndiye aliyekata shauri: kule kwenye barafu hakuna nchi, hakuna rais wala mpaka, na asiyeingia nchi nyingine hajatoka katika hii.

Mkataba ulipokwisha, ndege iliwashusha wote Cape Town. Wageni walipita. Ofisa wa uhamiaji dirishani aliisoma karatasi ya Joël, akasema haimruhusu kutoka, kwa hiyo haiwezi kumruhusu kurudi. Joël akaeleza kwamba hakutoka. Ofisa akajibu kwamba kama hukutoka uko ndani, na aliye ndani haombi kuingia. Kesho yake ndege ilirudi kwenye barafu na shehena ya mboga, na Joël akarudi pamoja na mboga. Kampuni ilimpa kazi tena, safari hii bila mkataba, kwa kuwa mkataba ulitaka anwani.

Kwa wiki tano Marcelline alimlisha kupitia friza. Usiku hakupata usingizi, kwa sababu Joël alikuwa amemwambia kwamba ndege ya mwisho ya msimu ingeondoka Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili Machi. Baada ya hapo wangezima jenereta na kuyakunja mahema hadi Novemba.

"Na wewe?"

"Hawajasema, maman."

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya mtaa wao kwenye mgao wa umeme: saa nane mchana hadi saa kumi na mbili na nusu. Marcelline aliogopa barafu ingeyeyuka na tundu lingepotea. Jirani yake Biubwa, mwanamke wa Tanga aliyeuza kanga huko Mayfair, alileta mablanketi manne wakaifunika friza kama mgonjwa wa malaria. Saa tisa walifunua kuangalia. Tundu halikupotea. Lilikuwa limepanuka, sasa linalingana na beseni la kufulia.

"Huyo sasa anapita," alisema Biubwa. "Labda akwame matako."

"Panda," Marcelline alimwambia mwanawe.

Joël alipanga makreti ya mvinyo, akapanda juu yake. Kichwa kilitokeza, kisha bega moja. Marcelline alimshika ukosi wa koti. Hapo sauti ya meneja ikasikika kutoka chini, ya upole kabisa: upepo umeizuia ndege siku ya nne, na wageni wana shughuli zao. Wageni kwanza, Joël.

"Ni dakika chache tu, maman."

"Joël. Usishuke."

"Hawa hawajui kupanda. Watavunjika."

Alishuka. Wageni walisimama juu ya mabega yake mmoja mmoja, wakatokea jikoni Rosettenville wakikanyaga boksi la samaki. Walikuwa kumi na mmoja. Mzee mmoja aliomba neno la siri la wai-fai. Mwingine aliuliza kama choo kilikuwa kwenye bei ya safari. Biubwa aliwapokea mlangoni.

"Karibuni, vueni viatu! Na nyie wa nyuma fanyeni upesi, mnamzibia mwenye nyumba!"

Wa mwisho alifika juu saa kumi na mbili na dakika kumi, akakumbuka ameacha darubini yake ya pengwini. Akarudi chini. Joël alimshusha, akamsubiri, akampandisha. Umeme ulirudi. Friza ilinguruma, na tundu likawa sahani. Mkono wa Joël ulikuwa bado nje, akauvuta ndani.

Kesho yake Marcelline alichomoa plagi mwenyewe. Samaki waliyeyuka wote na tundu likabaki vilevile. Lilifuata ratiba ya mgao tu.

Ijumaa ndege haikwenda. Watu wa kampuni walifika kutoka Randburg, wakapima jikoni, wakasema jenereta haitazimwa tena, kwani sasa msimu hauna mwisho: ndege itapeleka wageni, friza itawarudisha. Walileta ngazi ya aluminiamu na zulia jekundu. Ngazi ilikuwa ya upande wa juu. Upande wa chini, walisema, mabega yanatosha. Marcelline aliwauliza Joël atatoka lini. Walimjibu kwamba yumo kwenye orodha, namba kumi na mbili.

Mgao uliofuata alikaa ukingoni mwa friza iliyo wazi na mwiko wa bukari mkononi, asipite mtu kabla ya mwanawe. Mgeni wa kwanza alikuwa tayari juu ya mabega ya Joël, na maadamu mgeni alisimama pale, Joël hakuweza kupanda. Wakakaa hivyo saa nzima. Mzigo wote ulikuwa mabegani mwa Joël. Marcelline akashuka.

Sasa ratiba ya mgao imebandikwa ukutani juu ya friza. Kila mgao wanapita kumi na mmoja, ndipo umeme unarudi. Mara moja Biubwa alihesabu kumi, akapiga kelele kwamba nafasi iliyobaki ni ya Joël, lakini alikuwepo mmoja chooni.

Jumapili, baada ya kanisa, Marcelline aliinua boksi la samaki na kushusha mfuko wa bukari. Mkono wa Joël ulitokeza hadi kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa imepauka kwa baridi. Aliupaka mafuta, kidole kwa kidole, akaurudisha ndani, akafunga kifuniko kabla samaki hawajapata joto.