Ejok Ndani ya Faili

Serikali ikitaka kuhamisha basi haianzi na basi, inaanza na karatasi. Nilikuwa mkalimani wa ofisi ya wilaya pale Lodwar kwa miaka kumi na miwili, na nawaambia nilichokiona kwa macho yangu. Ukiona basi limeacha barabara moja likashika nyingine, ujue karatasi yake ilikwisha kupita zamani, ikatiwa sahihi, ikapigwa muhuri, ikalala kabatini. Watu wa barabara ya kwanza ndio hujua mwisho, wakiwa wamesimama juani na mizigo yao.

Mwaka 1977 karatasi yenyewe ilikuwa ya Gitau, mwenye basi la pekee lililokwenda kati ya Lodwar na Kakuma. Mara mbili kwa wiki basi hilo lilifuata barabara ya zamani, ile inayozunguka kupitia Lokore. Lokore si mji. Ni kisima kimoja, zahanati ya vyumba viwili, maboma yaliyotawanyika, na mama yangu. Wakati huo barabara mpya iliyonyooka ilikuwa imekatwa maili kumi na nne kutoka hapo, na Gitau akaomba ruhusa aifuate. Simlaumu sana. Mchanga wa barabara ya zamani ulikuwa ukimlia matairi, na hakuna aliyemlipia.

Lakini mama yangu, Akuwam, alikuwa na kifua kikuu. Kwa miezi saba sasa, kila wiki mbili, alipanda basi lile kuja Lodwar kupimwa na kupewa dawa, na daktari alikuwa ameniambia mimi, si yeye, kwamba akikatiza dawa safari hii hatapona tena. Nilimsihi ahamie kwangu. Akaniuliza mbuzi wake watakula nini Lodwar, karatasi? Maili kumi na nne hakuwa na kifua cha kuzitembea. Kwa hiyo basi likihama, mama anakufa. Wengine walikuwa na sababu zao, mimi nilikuwa na hiyo moja.

Sheria ilikuwa na utaratibu wake. Ombi la kubadili njia hutangazwa katika gazeti la serikali, na nakala hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wilaya. Mwenye pingamizi huandika barua, nakala mbili, akaileta kabla ofisa wa leseni hajatia sahihi. Ofisa naye huja mwenyewe barazani kusikiliza wananchi. Ni utaratibu mzuri sana kwa mtu anayejua kusoma na anayepita mbele ya ubao. Watu wa Lokore walisikia kwangu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, basi siku ya baraza watu thelathini hivi walipanda basi mpaka Kakuma, wakamchagua mzee Lochakapong awasemee. Mama alikuja nao japokuwa nilimkataza.

Ofisa aliyetumwa kutoka Nairobi aliitwa Omollo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana mtu mbaya ungemchukia ukamaliza. Alikuwa mpole, mwenye shati jeupe na kiu ya kujua mambo. Asubuhi ile tukitoka Lodwar ndani ya Landrover alinitaka nimfundishe neno la Kiturkana awafurahishe wananchi. Nikamfundisha moja. Nilimwambia ukikutana na watu sema "ejok", nao watakuitikia "ejok noi". Akalirudia njia nzima mpaka Ekai, dereva wetu, akaanza kucheka usukani mkononi.

Barazani Omollo alisoma ombi la Gitau kwa Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa, nami nikatafsiri. Watu walisikiliza wakiwa kwenye vigoda vyao. Kabla hatujamaliza, upande wa milima kukawa kumetanda wingu jeusi. Ekai akaja kunong'ona kwamba mvua ikinyesha huko juu laga itajaa, na mto ule wa mchanga ukishajaa haulivushi hata trekta. Omollo akatazama saa yake. Ndege yake ya kurudi Nairobi ilikuwa kesho adhuhuri.

Lochakapong alikuwa amekwisha kusimama, fimbo mkononi, anangoja apewe nafasi. Nami nilingoja Omollo anipe sentensi ya kumkaribisha mzee. Hakunipa. Aliwageukia watu mwenyewe, akatabasamu, akanyoosha mkono kuelekea barabara mpya.

"Njia mpya," alisema. "Ejok?"

Watu walishangaa kusikia mgeni anasema lugha yao. Wakafurahi. Wakamwitikia kwa sauti moja jinsi mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyomwitikia anayemsalimu, "Ejok! Ejok noi!" Lochakapong aliitikia. Mama pia aliitikia, nilimsikia, kikohozi kikamkata katikati ya neno.

Omollo akainamisha kichwa na kuandika.

Nilimwambia pale pale kwamba watu hawajajibu swali, wamemwitikia salamu. Akaniuliza kama neno lenyewe maana yake si "ni nzuri". Nikasema ndiyo, ni nzuri, lakini.

"Basi," alisema. "Wewe ni mkalimani, Ereng. Kazi yako kutafsiri. Maoni tumeshapata kwa wenyewe."

Landrover ilikuwa tayari inanguruma. Nilipata nafasi ya jambo moja tu. Nikamkimbilia Lochakapong, nikamwambia basi likiwarudisha Lokore jioni ile waende kwa nesi Chepkemoi wa zahanati, awaandikie barua ya pingamizi, watu watie vidole gumba, na barua ije nalo kesho asubuhi likiendelea Lodwar. Kesho ilikuwa siku ya dawa ya mama. Aje nayo ofisini kwanza, kabla ya hospitali. Hayo niliyasema nikirudi kinyumenyume kuelekea garini, na kwa haraka ile nikasahau kusema nakala mbili.

Njiani Omollo alilaza faili magotini, nami kutoka kiti cha nyuma nilisoma kupitia bega lake: "Wananchi wote waliohudhuria waliafiki." Nikajaribu tena. Nikamwuliza, ukiniambia hujambo, si nitasema sijambo kwanza, ndipo nikueleze kwamba nyumba yangu imeungua? Alifikiri kidogo, nadhani kweli alifikiri. Kisha akasema kumbukumbu zimeshaandikwa. Kama kuna pingamizi, liletwe kwa maandishi kabla ya saa nne kesho, wakati atakapotia sahihi mbele ya mwombaji.

Basi la Kakuma huingia Lodwar saa mbili asubuhi. Saa mbili ilipita. Saa tatu ikapita. Usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani, na mtu aliyetoka ng'ambo alisema laga inashuka maji mekundu. Gitau alikwisha kufika ofisini, kofia juu ya goti, mtaratibu kama mtu aliye kanisani. Nilisimama dirishani mpaka Omollo akaniuliza kama nina mgeni.

Saa nne kasorobo aliamua kuanza. Akazisoma kumbukumbu, akamwonyesha Gitau mahali pa kutia sahihi, Gitau akatia. Kisha akaomba muhuri na wino wake. Muhuri nilimpa. Kile kibati cha wino nilikitafuta mezani, kwenye droo, kabatini, hadi chini ya mkeka wa mlangoni. Nilikitafuta kwa bidii isiyo ya kawaida, kwa sababu kilikuwa ndani ya mfuko wa suruali yangu. Mimi, mtumishi wa serikali wa miaka kumi na miwili, nilikuwa natambaa sakafuni kama mwizi wa kuku. Gitau alinitazama. Aliliona doa la zambarau likienea kwenye paja langu. Akageuza macho ukutani, kwenye kalenda, na hakusema neno. Mpaka leo sijui kwa nini.

"Acha," Omollo alisema mwishowe. "Nitatia sahihi sasa, muhuri utagongwa baadaye."

Akafungua kalamu. Ndipo mama akaingia.

Alikuwa ameloa hadi kiunoni. Basi lilikuwa limezuiwa ng'ambo ya laga, pale nje ya mji, na yeye alivuka kwa miguu akishikana mikono na watu, maji yakimfika kiunoni, barua ameifunga kichwani ndani ya mfuko wa nailoni. Niliposikia hivyo niliogopa na kukasirika pamoja. Barua ilikuwa kavu kabisa. Nesi alikuwa ameiandika kwa Kiingereza safi, na chini yake vidole gumba arobaini na kimoja.

Omollo aliisoma mara mbili. Akaigeuza nyuma, akatafuta nyingine chini yake.

"Nakala ya pili iko wapi?"

Kosa lilikuwa langu. Akaendelea, bila ubaya, kwamba hata hiyo nakala angeweza kuisamehe. Tatizo ni kwamba barua inapingana na kumbukumbu. Watu wale wale waliosema ndiyo jana mbele yake, leo wanasema hapana kwenye karatasi. Nairobi wataamini lipi? Wataamini alilosikia ofisa kwa masikio yake.

Akaichukua kalamu tena. Na kwa kuwa alikuwa na adabu, na mama alikuwa bado amesimama pale akichuruzika maji kwenye sakafu ya serikali, akainua macho akamsalimu.

"Ejok, mama?"

"Ejok noi," mama akaitikia.

Kikohozi kikamkamata. Kilimkunja mpaka akashika ukingo wa meza, na hakikuisha upesi. Alipojifuta mdomo nilikivuta kitambaa kutoka mkononi mwake, nadhani nilitaka kumfutia maji usoni. Kilikuwa na damu, mbichi na nyingine iliyokauka ya siku nyingi. Nilikuwa sijui. Naapa nilikuwa sijui kuhusu damu. Nikakitandaza juu ya faili, juu ya zile kumbukumbu, mbele ya wanaume wote wawili.

"Umemwuliza, amekujibu," nikamwambia. "Andika, Bwana Omollo. Andika mama huyu ni mzima."

Gitau alikuwa amesimama. Omollo alikitazama kitambaa, akamtazama mama, na nikaona uso wake ukibadilika polepole, kama wa mtu anayekumbuka amefunga mlango na kumwacha mtu ndani.

"Mwulize hali yake," alisema. "Mwulize kwa maneno yote. Nitangoja."

Nikamwuliza kwa Kiturkana, swali refu lenye mwanzo na mwisho. Mama hakulijibu. Alikuwa akikitazama kitambaa chake juu ya meza.

"Mwambie nimeleta barua," alisema.

Nikatafsiri hivyo hivyo. Omollo alikisogeza kitambaa kwa vidole viwili, taratibu, akaikata ile sentensi ya jana kwa mstari mmoja na kuweka herufi za jina lake pembeni. Juu yake akaandika: "Wananchi walisalimu. Maoni hayajachukuliwa." Akaagiza ombi lisikilizwe upya, palepale Lokore, na mpaka hapo basi lisiache njia ya zamani. Nakala ya pili ya barua niliiandika mimi kwa mkono, wakati Gitau akivaa kofia yake. Mlangoni alimwambia mama kwa Kiswahili pole, mama, akatoka.

Nilitoka na mama kumpeleka hospitali. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyenusurika. Nikamwambia basi litaendelea kupita Lokore. Nikamwambia tena. Alitembea hatua moja mbele yangu, kitambaa amekikunja ndani ya ngumi, na tulipofika lango la hospitali ndipo akasema.

"Umeanika kitambaa changu mbele ya wanaume."

Ilikuwa kweli. Tukakaa kwenye benchi la nje, mbalimbali kidogo. Nilifikiri jinsi kila baada ya wiki mbili nilivyompokea pale stendi, nikamwuliza ejok, akanijibu ejok noi, nami nikarudi kazini moyo umetulia. Omollo aliuliza mara moja tu. Mimi niliuliza miezi saba, na jibu nikaliandika lile lile.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatoka na kadi mkononi, akamwona mama, akatabasamu.

"Ejok, mama?"

Niliona neno likimjia mama midomoni, lile alilolitoa maisha yake yote kwa kila aliyemsalimu. Akanitazama. Akaliacha.

"Mam," alisema. Hapana.

Kisha akauchukua mkono wangu, sio wa muuguzi, akauweka chini ya ziwa lake la kushoto, akaukandamiza kwa nguvu.

"Ni hapa," akasema. "Sasa mtafsirie."