Chupa Zilizong'aa Mno

Mzee Sentimita alikuwa mwongo wa kutegemewa. Ukitaka uongo wa asubuhi, uongo wa mchana au ule wa kusindikizia chai, mlango wa kubisha ulikuwa unajulikana. Mwaka wa mafuriko, alisimulia, mto ulipanda ngazi za nyumba yake ukapiga hodi, naye akaukaribisha ndani kwa kuwa si uungwana kumwacha mgeni mlangoni amelowa. Na yule kambare aliyemvua chini ya daraja alikuwa na ndevu ndefu hata ikabidi kwanza aitwe kinyozi ndipo aingie sufuriani.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo uongo wake haukuwahi kukanyaga. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msomaji wa kipimo cha maji. Kila siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, alishuka hadi kwenye ubao wenye namba uliosimikwa kando ya mto, akatazama maji yamefika sentimita ya ngapi, akaandika daftarini. Jina la utani lilitoka huko. Humo daftarini hakuongeza hata nusu. Mkewe alipomuuliza inakuwaje mtu aliyemnyoa kambare ashindwe kuuongezea mto sentimita moja, alijibu, "Mdomo ni wangu, mama. Daftari ni la serikali."

Kisha ikaletwa mashine inayojisomea yenyewe, naye akaagwa kwa soda na saa ya ukutani. Miaka saba ikapita bila mtu kumuuliza habari za mto.

Ndiyo maana alipotokea yule mtafiti, binti wa chuo kikuu mwenye buti za mpira na begi kubwa kuliko mgongo wake, mzee hakujua aweke wapi mikono.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Kama ni sensa, tumeshahesabiwa."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya namba zako. Nimezisoma zote, miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu nimeijenga juu yake."

Mzee aligeukia ukutani akapangusa macho, akasema moshi wa jikoni umezidi.

"Moshi gani," mkewe akaropoka kutoka ndani, "na jiko sijaliwasha?"

Binti alikuwa akichunguza hali ya maji ya bonde zima la mto, kutoka chemchemi kule juu hadi kupita daraja. Alikuwa na vituo sita, na kila kituo chupa nne. Maji ya msimu wa mvua alishayapima. Sasa yalibaki ya kiangazi, na alihitaji mtu anayeujua mto. Majibu yangepelekwa mbele ya bodi ya bonde, ambayo ilikuwa na swali moja lililoikera: je, wanawake wanaofua kwenye miamba iliyo chini kidogo ya chemchemi ndio wanaochafua maji? Kama ndio, waondolewe.

Mkuu wa wafuaji hao alikuwa shemeji yake Mzee Sentimita, mdogo wa mkewe, mwanamke mwenye mikono ya kukamua blanketi na ulimi wa kukamua watu.

Binti akapewa chumba cha uani. Siku mbili kabla ya safari alimkabidhi mzee gunia la chupa ishirini na nne. "Nitunzie, Mzee, zimeshaandaliwa." Kisha akaenda mjini kutafuta barafu.

Mzee akafungua gunia. Chupa zilikuwa na ukungu ndani, na harufu fulani ya uchachu kama ya siki. Akazitazama, akazitazama tena. Moyo ukamwambia: huyu mtoto wa watu kasoma mpaka kasahau kuosha vyombo! Na yeye, aliyekumbukwa baada ya miaka saba, ataachaje mgeni wake aaibike? Shukrani zilikuwa zimemjaa hadi kwenye vidole. Akachukua pakiti ya sabuni ya unga ya mkewe, akajaza beseni, akasugua chupa moja moja kwa kitambaa kilichofungwa kijitini, akasuuza, akazianika kichwa chini kwenye fito za ua. Ziling'aa hata kunguru akaja kujitazama. Kisha akazirudisha guniani kimya, maana wema wa kutangazwa si wema.

Safari ikaenda vizuri. Walipofika kwenye miamba, wafuaji wakaacha kufua ili wapate kusema.

"Bi Chupa!" shemeji akaita. "Huyo mzee unayeandamana naye umchunge. Atakwambia mto huu aliuchimba yeye!"

"Sikuuchimba, shemeji. Nilisimamia tu."

"Ulisimamia ukiwa umelala?"

"Ningelalaje, nawe ulikuwa unakoroma ng'ambo ya pili?"

Vicheko vikapasuka. Binti akainama kujaza chupa huku mabega yakimtikisika.

Baada ya siku tisa binti alirudi kutoka maabara, akatandaza karatasi kwenye meza ya barazani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata alichokitafuta, akatamani asingekipata.

"Fosfati, Mzee. Bonde zima. Msimu wa mvua haikuwa hivi hata kwa mbali. Mpaka chemchemini imejaa."

"Hiyo fosfati ni mdudu?"

"Si mdudu, ni chumvichumvi. Inatoka kwenye mbolea, kwenye kinyesi, na kwenye sabuni. Ikizidi, mto unaota majani ya kijani na samaki wanakosa pumzi." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Chemchemini hakuna shamba wala ng'ombe. Nadhani kiangazi maji yakipungua, wafuaji wanapanda hadi kule juu. Hii ni sabuni, Mzee. Hilo halina ubishi."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alimwonea huruma shemeji yake, akawa anatafuta maneno ya kumtetea, ndipo sauti ya mkewe ikatoka uani:

"Nani kamaliza sabuni yangu ya unga? Pakiti nzima, kama imelambwa!"

Mzee Sentimita akatua kikombe cha chai mezani. Akaziona akilini zile chupa zikimeremeta juu ya ua, ishirini na nne, kila moja na povu lake.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona ila kunguru. Bodi ingekaa Alhamisi, binti angesifiwa kwa ugunduzi, naye mzee angeendelea kuitwa msaidizi wa utafiti, cheo kilichokuwa kimemrudishia hatua za ujana. Akisema, atafukuzwa kabla chai haijapoa. Lakini asiposema, shemeji na wenzake watabeba mabeseni yao kichwani waende wapi? Na binti atakuwa amesimama mbele ya watu kusoma uongo ambao hakuutunga yeye.

"Binti," akasema. "Sabuni hiyo ni yangu."

"Sabuni ipi?"

"Iliyo kwenye maji yako. Niliosha chupa."

Binti akacheka. Alikuwa ameshakaa nyumba ile wiki tatu. Alishasikia habari za kambare na kinyozi. "Mzee, leo sina nafasi ya hadithi. Najua unamtetea shemeji yako."

"Si hadithi, mwanangu. Haki ya Mungu, niliziosha, hata kunguru akaja kujitazama."

"Kunguru naye, eti?"

"Kweli alikuja!"

Hapo ndipo alipoona ubaya wa mdomo wake. Maneno yake yote yalikuwa yametumika sana, kama shati lililofuliwa hadi likapoteza rangi. Hakuwa na hata moja jipya la kumvalisha ukweli. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye daftari la binti, lile la kuandikia mambo ya safari.

"Nipe daftari."

Binti akampa, bado anatabasamu. Mzee akavaa miwani, akachukua kalamu, akaandika taratibu kwa ule mwandiko wake mnyoofu wenye namba zilizosimama kama askari: tarehe, saa, chupa 24, sabuni ya unga, pakiti 1, maji ya bomba, kusuuza mara 1. Akatia sahihi.

Binti aliufahamu mwandiko ule. Alikuwa ameukodolea macho mwaka mzima, miaka thelathini na mmoja ya asubuhi na jioni, akautafutia kosa asilione. Tabasamu likamtoka polepole.

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo, "chupa zile zilikuwa zimeoshwa kwa asidi. Ndiyo ile harufu."

"Mimi nilidhani ni uchafu."

"Miezi minne ya maandalizi."

"Najua."

"Hujui!" Akainuka, akaenda hadi ukingo wa baraza, akampa mgongo. Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni na pakiti tupu mkononi. Mzee akakaa vilevile, mikono magotini, akingoja kuambiwa aondoke kwenye baraza yake mwenyewe.

Binti aliporudi alishika chupa mbili safi alizokuwa amebaki nazo. "Moja ioshe kama ulivyoosha zile. Vilevile kabisa, usiongeze wema."

Mkewe akachota kijiko cha sabuni kwa jirani. Chupa zote mbili zikajazwa maji safi ya maabara, na kesho yake asubuhi binti akazipeleka maabara. Mchana alirudi mbio kwa miguu, vumbi hadi magotini. Chupa isiyooshwa kwa sabuni haikuwa na kitu. Ile ya mzee ilikuwa na fosfati ya kutosha kuotesha bustani.

"Ahsante," binti akasema akihema.

Mzee akadhani anakejeliwa. "Binti, nitukane tu, nimestahili."

"Nakushukuru kweli. Ungenyamaza, Alhamisi ningesimama pale nikawafukuza wale akina mama kwa povu la beseni lako. Na mwakani angekuja mtu mwingine apime, akute maji safi, nami ningekuwa kichekesho mpaka nazikwa." Akaketi, akavua buti moja, akamwaga mchanga. "Tunaanza upya. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe tayari. Chupa usiziguse mpaka nikwambie."

"Mimi tena?"

"Nani mwingine? Wewe peke yako ndiye ninayejua anakosea vipi."

Mzee Sentimita aligeukia ukutani. Safari hii hakusingizia moshi, na mkewe hakumuuliza.

Bodi ilinung'unika kuahirisha kikao wiki tatu. Siku ilipofika, mzee alikaa kiti cha nyuma kabisa na koti alilovaa siku ya kuagwa kazini. Binti akaeleza: chemchemi safi, kwenye miamba ya wafuaji fosfati kidogo, ya kuangaliwa lakini si ya kutisha, na chini ya daraja, mahali bomba kuu la maji taka lilipopasuka likafunikwa na magugu, namba ziliruka hata mwenyekiti akaomba zirudiwe. Kisha binti akasoma na lile kosa, lote, tarehe na saa na pakiti moja. Mzee akatamani sakafu immeze.

Mjumbe mmoja mnene akanyoosha kidole. "Kama mlikosea mara ya kwanza, kwa nini tuziamini namba hizi?"

"Kwa sababu hata kosa tumeliandika," binti akajibu. "Aliyekosea aliliandika mwenyewe kwa mkono wake. Yuko pale nyuma."

Vichwa vikageuka. Mzee akasimama maana hakujua lingine la kufanya. Mwenyekiti akamtazama, akamtambua, akampa heshima ya kichwa kama wanavyopeana watu waliofanya kazi muda mrefu. Ikaandikwa kwamba bomba litengenezwe, na wafuaji wabaki walipo.

Asubuhi iliyofuata mzee alishuka mtoni, hana kazi huko, miguu tu ilijipeleka. Wafuaji walikuwa miambani, maji yakiwafika vifundoni, blanketi likipigwa kofi la mwisho. Hakuna aliyewaambia walivyokaribia kuondolewa, na hakuna aliyetaka kuwaambia.

"Haya, huyo!" shemeji akapaza sauti. "Mzee Sentimita! Leo umekuja kuupima mto au kuoga? Tupishe, utatuchafulia maji kwa hayo magwanda!"

Wenzake wakadakia. Mmoja akamwuliza kama kambare ameshaota mvi. Mwingine akamrushia maji. Mzee akasimama pale analowa, akiwatazama mmoja mmoja, mabeseni yao, mikono yao, povu jembamba likiteremka na mkondo.

"Ahsanteni," akasema.

Shemeji akashika kiuno.

"Ahsante ya nini?"

"Basi tu. Ahsanteni."

Wafuaji wakatazamana. Kisha shemeji akamgeukia aliye karibu naye, akasema kwa wasiwasi wa kweli, "Hebu kimbia kamwite dada. Mume wake ana homa."