Mfafanuzi wa Kitabu cha Peres

Mwaka wa 1969 nilikuwa katibu wa kamati ya kisomo cha jioni pale Kangemi. Mimi mwenyewe nilisomea madarasa hayo hayo nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na sioni haya kulisema.

Peres, mwalimu wa darasa la wanawake, alikuwa ameandika kijitabu na kukichapisha mjini. Hoja yake ilikuwa moja: wanaume wamechukua mambo yao wakayaita mambo ya watu wote. Uwanja wa mpira ni maendeleo ya mtaa. Bomba la maji ni mambo ya akina mama. Alitaka kukifundisha darasani mwake. Ruhusa ilikuwa ya kamati, na kamati ilikuwa wanaume watupu.

Siku ya kikao Peres alikuja kuketi nasi, nasi tukaanza na uwanja wa mpira. Tukajadili milingoti, nyavu na jezi mpaka chai ikapoa. Nikakumbusha kwamba kuna kitabu. Mwenyekiti, Mzee Kihara, akasema tumalize kwanza mambo ya wananchi.

"Na mimi ni mwananchi wa wapi, Mzee?" Peres akauliza.

Wakacheka. Macharia wa bucha akamwambia asikasirike, kwani hata yeye nyumbani rais ni bibi yake. Hakuna kati yao aliyekisoma kitabu. Macharia alisema jalada lilimtosha.

Mwishowe Kihara alikubali, kwa sharti kwamba kitabu kifafanuliwe na mwanamume, wanawake wasije wakakielewa vibaya. Wote wakanitazama. Nikasema aliyekiandika ameketi hapa na ana ulimi. Kihara akajibu kwamba ndiyo sababu wanatafuta mtu asiye na upendeleo.

Nilikubali, maana kukataa kungekizika kitabu. Jumatatu niliingia darasani, nikampa Peres chaki, nikaenda kuketi nyuma. Sijawahi kupata mwalimu kama yule. Philister, muuza mboga, alimbishia tangu mwanzo: bomba peke yake halitoshi, bwana naye abebe ndoo. Darasa likaangua kicheko. Mimi sikutamka neno.

Tulipomaliza, Kihara alikuwa mlangoni. Kumbe muda wote alikuwa amesimama nje ya dirisha akisikiliza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera, Bwana Zedekiah. Umewafafanulia vizuri sana."

"Sikufungua mdomo, Mzee. Aliyefundisha ni Peres."

"Unyenyekevu huo ndio tunaoupenda kwako."

Nikamwomba aniambie ni sauti ya nani aliyoisikia pale dirishani. Akafikiri kidogo.

"Sauti ilikuwa ya huyu mama," akasema. "Lakini maneno yalikuwa yako."

Akaenda zake. Nilitaka kumfuata, lakini Peres, akipangusa ubao, akaniambia niache.

"Wewe Jumatatu usichelewe," akasema. "Usipoketi pale nyuma watalifunga darasa."

Niliketi pale muhula mzima, bubu, nikipongezwa kila wiki.